Breki za Kigari cha Gofu Zipimwe Kila Asubuhi

Nataka tuzungumzie breki. Breki za mabasi na malori zina wasemaji wengi, kwa hiyo leo tuziache. Nazungumzia breki za kigari cha gofu: kile kigari kifupi chenye paa na kisicho na milango, ambacho zamani ulikikuta kwenye viwanja vya gofu tu, na leo unakikuta hotelini kikibeba mabegi ya wageni, hospitalini kikiwachukua wazee wasioweza kutembea kutoka getini, kwenye uwanja wa ndege, chuoni, hata kwenye shamba la mtu mwenye uwezo kikizungusha wajukuu.

Kigari hiki kina bahati mbaya moja: kinafanana na kitu cha kuchezea. Kile cha umeme hakina ngurumo wala moshi, na dereva habadilishi gia. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani hufundishwa kwa nusu saa akakabidhiwa ufunguo. Na kwa kuwa kinatembea ndani ya uzio, aghalabu hakina namba za usajili, hakipelekwi kukaguliwa, wala hakuna askari wa usalama barabarani wa kukisimamisha. Kinapotoka bandani asubuhi, wakaguzi wake ni wawili tu: fundi wa banda na dereva anayeketi kwenye usukani. Hao wawili wakinyamaza, hakuna wa tatu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kigari cha umeme cha kawaida chenye betri za risasi hubeba betri sita au zaidi chini ya kiti. Betri moja ya volti 6 ina uzito wa karibu kilo 28, kwa hiyo betri sita peke yake zinakaribia kilo 170. Ongeza fremu, mota, magurudumu na paa, kigari kitupu kinapita kilo 400. Pakia watu wanne wazima na mabegi yao, unasogelea kilo 800. Kiwango cha Marekani kinachohusu vigari vya gofu kinaweka mwisho wa mwendo kuwa maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24. Unaweza kusema 24 ni mwendo wa baiskeli. Ni kweli, lakini kwa mwendo huo kigari kinakula karibu mita 7 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, hizo mita 7 zimeshapita, na mtoto aliyekimbilia mpira wake huenda alikuwa kwenye mita ya 5.

Huko Marekani, ambako vigari hivi ni vingi mno, watafiti walipitia kumbukumbu za vyumba vya dharura vya hospitali tangu 1990 hadi 2006, wakakadiria majeruhi wapatao 148,000 wa ajali za vigari vya gofu katika kipindi hicho. Karibu theluthi moja yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 16. Wengi walianguka kutoka ndani ya kigari, wengine kilipinduka, wengine waligongwa. Sidai kwamba zote hizo zilikuwa ajali za breki. Ninachosema ni kwamba chombo kinachoweza kupeleka watu wengi namna hiyo hospitali hakistahili kuangaliwa kama mchezo, na katika sehemu zake zote, breki ndiyo sehemu ambayo fundi wa kawaida, kwa spana za kawaida, anaweza kuiweka sawa kabisa.

Nieleze basi zinavyofanya kazi katika vigari vingi, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kutojua mlolongo huu. Ukikanyaga pedali, unavuta fimbo ya chuma iliyo chini ya sakafu. Fimbo hiyo imeshika kipande cha chuma kilichokingama, ambacho hapa tutakiita mizani, kwa kuwa kazi yake ni kugawa mvuto sawasawa pande mbili. Kutoka kwenye mizani zinatoka kebo mbili, moja ya gurudumu la nyuma kushoto na nyingine ya gurudumu la nyuma kulia. Kila kebo inavuta mkono mdogo ulio nyuma ya gurudumu lake, na mkono huo unatanua viatu viwili vya breki vilivyomo ndani ya ngoma. Viatu vimevikwa gamba gumu la kusugulia liitwalo laini, na vikitanuka, laini inakandamiza ukuta wa ndani wa ngoma mpaka ngoma inagoma kuzunguka. Ukiachia pedali, springi zinavirudisha viatu mahali pake. Hakuna mafuta ya breki humo, hakuna pampu wala hewa. Nguvu yote ni ya mguu wa dereva, imepita kwenye fimbo na kebo.

Katika vigari vingi vya aina hii, hizo ndizo breki zote. Magurudumu ya mbele hayana chochote. Tena ile breki ya kuegesha, ambayo dereva huinasisha kwa kusukuma sehemu ya juu ya pedali, inatumia kebo zilezile na viatu vilevile. Kwenye gari la kawaida breki ya mguu ikifa unaweza kukimbilia hendibreki. Hapa huna pa kukimbilia. Kebo zikikatika au laini zikiisha, breki zote mbili zimeondoka kwa pamoja.

Sasa nije kwenye kosa ninalolilalamikia. Laini inaisha kwa matumizi, hilo halina lawama. Inapoisha, viatu vinasafiri mbali zaidi kabla ya kugusa ngoma, na dereva anaanza kuona pedali inazama. Anakwenda kwa fundi: "Fundi, breki imelegea." Kila mwenye pikipiki anaijua dawa yake: breki ya nyuma ikilegea, unakaza ile nati iliyo mwishoni mwa fimbo, inashika tena, safari inaendelea. Kwenye pikipiki ni sawa, ndivyo ilivyoundwa. Fundi akija na mkono huohuo kwenye kigari cha gofu, anaingia chini, anafupisha kebo, pedali inakuwa ngumu, dereva anafurahi. Hapo ndipo hatari inapoanzia, na inaanzia kimya kimya.

Vigari vingi vina kirekebishaji ndani ya ngoma, chenye kigurudumu cha meno, ambacho huvisogeza viatu karibu na ngoma kidogo kidogo kadiri laini inavyopungua. Lakini ili kifanye kazi, ule mkono wa nje lazima urudi mpaka mwisho kila unapoachia pedali. Ukifupisha kebo, mkono haurudi. Kirekebishaji kinasimama, hakifuatilii tena upungufu wa laini. Viatu navyo vinabaki vimegusa ngoma muda wote, gurudumu linasuguliwa hata kigari kinapotembea bila breki, ngoma inapata moto, na betri inaisha kabla ya zamu kuisha. Watu wanalaumu chaja, wananunua betri mpya, kumbe umeme wao unateketea kwenye ngoma za breki. Na huko ndani laini inakwenda upesi zaidi, huku pedali ikiendelea kuwa ngumu na kumdanganya kila anayeikanyaga, mpaka siku chuma kinapokutana na chuma.

Niliwahi kusimama kwenye banda moja huko pwani, fundi mzee akimwelekeza kijana wake. Kigari kilikuwa kinalalamikiwa kwamba ukifunga breki kinavuta kulia. Kijana alikuwa ameshaleta jeki.

"Dogo, vizuizi umeviweka wapi?"

"Nyuma, mzee."

"Nyuma ndiko unakonyanyua. Weka mbele."

Ni jambo dogo, lakini lisikilize vizuri, wewe unayefanya kazi hii. Ukishanyanyua magurudumu ya nyuma, breki ya kuegesha haikusaidii tena, kwa kuwa haishiki kitu mbele. Magurudumu ya mbele lazima yazuiwe pande zote mbili, mbele na nyuma ya tairi. Mzee alizima kigari, akachomoa ufunguo akautia mfukoni, akageuza ile swichi ya kukivuta kikiwa kimezimwa, akavua pete na saa, kwa sababu spana au pete ikigusana na vichwa viwili vya betri inaweza kuyeyuka mkononi. Kisha jeki, kisha stendi chini ya ekseli. Hakuna aliyeingiza hata kidole chini ya kigari kabla ya stendi kukaa.

Ngoma ya kulia ilitoka kwa shida. Ngoma iliyotumika sana hufanya ukingo kwenye mdomo wake, na ukingo huo hukamata viatu. Mzee hakupiga nyundo. Alikilegeza kile kigurudumu cha meno kwa bisibisi mpaka viatu vikarudi ndani, ngoma ikatoka yenyewe. Vumbi jeusi likamwagika. Kijana akainama kulipuliza, mzee akamshika bega.

"Usipulize. Leta kitambaa, kiloweshe."

Alikuwa na sababu. Baadhi ya laini za breki, hasa za zamani na zile za spea zisizojulikana zilikotoka, zina asbesto, na vumbi la asbesto likiingia kwenye mapafu halitoki. Hupulizi kwa mdomo, na kwa kompresa ndiyo kabisa hupulizi. Unafuta kwa kitambaa kibichi na kukitupa kikiwa bado kibichi.

Laini ya upande wa kulia ilikuwa imebaki nyembamba, karibu chuma kionekane. Wakafungua upande wa kushoto. Huko laini ilikuwa nene kama imetoka dukani jana. Mzee akaitoa kebo ya kushoto kwenye mkono wake, akamwambia kijana avute. Haikwenda. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye ganda lake, waya umeota kutu ndani, umekwama. Ya kulia ilivutika kwa vidole viwili na kurudi. Maana yake ni kwamba gurudumu la kulia lilikuwa linakisimamisha kigari chote peke yake, na la kushoto linazunguka tu. Mwenye kutazama chini angeona dalili zamani: mizani ilikuwa imelala upande. Mizani inayofanya kazi sawa hukaa mraba, haiinami kushoto wala kulia.

Kuna mtu alikuwa amekaza nati za kebo ile kutibu ugonjwa ambao haukuwa wa nati. Dawa ilikuwa kebo mpya, na kebo hubadilishwa zote mbili pamoja, na viatu vyote vinne pamoja, kwa sababu kipya upande mmoja na kikuukuu upande mwingine ni kurudisha kulekule kuvuta kulia.

Ukishaona hivyo, utaelewa kwa nini nasema marekebisho yanaanzia ndani yanakuja nje, na hayaanzii nje. Kwanza legeza kebo kabisa, uhakikishe mikono yote miwili imerudi mwisho. Kisha ngoma: safisha, pima laini mahali ilipo nyembamba zaidi, na mimi nasema ikikaribia milimita moja na nusu usibishane nayo, badilisha, isipokuwa kama kitabu cha kigari kinataka zaidi. Angalia springi kama hazijachoka, angalia kama hakuna grisi wala oili iliyovuja kutoka kwenye ekseli, maana laini iliyolowa oili haifai tena hata ukiisugua msasa. Rudisha ngoma. Kama ekseli yako ina nati ya kotapini, weka kotapini mpya. Ile ya zamani ukishaikunjua umeshaivunja nguvu. Zungusha kigurudumu cha meno mpaka usikie viatu vinagusa, kisha kirudishe kidogo gurudumu lizunguke bila kusuguliwa. Fanya hivyo pande zote mbili hadi mkono wako uhisi sawa kushoto na kulia. Hapo ndipo unapozigusa kebo, na unachofanya ni kuondoa ulegevu tu, bila kuisogeza mikono kutoka pale ilipopumzika. Pedali inakuja mwisho kabisa. Lazima ibaki na uchezaji kidogo juu kabla ya kuanza kuvuta. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kitabu cha kila aina ya kigari, na hakifanani kati ya kampuni na kampuni. Pedali isiyo na uchezaji wowote ni breki ambayo haijaachia.

Viatu vipya navyo havitumwi kazini siku hiyohiyo. Laini mpya inagusa ngoma kwa vipande tu. Inahitaji kuzoeshwa: unakiendesha kigari kitupu, unafunga breki kwa nguvu ya wastani mara kadhaa, unaacha ngoma zipoe katikati, mpaka laini ikae vizuri kwenye ngoma. Ukiruka hatua hii, vipimo vyako vya baadaye vitakuwa vya uongo.

Na sasa vipimo, ambavyo ndivyo vilivyonileta kwenye kipaza sauti leo. Mafundi wengi wanapima breki kwa kukanyaga pedali kigari kikiwa kimesimama, wakisikia imekaza wanasema tayari. Tumeshaona jinsi pedali inavyoweza kuwa ngumu huku breki imekufa upande mmoja. Mguu hautoshi. Breki hupimwa kwa umbali.

Kampuni ya E-Z-GO, iliyoanzishwa 1954 mjini Augusta, jimbo la Georgia, Marekani, inaeleza kwenye vitabu vyake jaribio ambalo halihitaji mashine yoyote. Tafuta sehemu iliyo tambarare, sakafu ngumu, safi na kavu. Chora mstari. Kigari kije kwa mwendo wake wote, na kikifika kwenye mstari, dereva akanyage kwa nguvu na haraka mpaka breki ya kuegesha inase, kisha aondoe mguu. Kigari kinapaswa kusimama kwa ukali. Magurudumu yanaweza kujifunga au yasijifunge, hilo halisumbui. Unachoangalia ni kimesimama wapi, na kimesimama kimenyooka au kimevuta upande. Kikipita umbali wa kawaida kwa zaidi ya futi 4, yaani mita 1.2, au kikivuta upande, kimefeli na kinarudiwa mara moja zaidi. Kikifeli tena, kinatoka kazini palepale.

Huo umbali wa kawaida unatoka wapi? Hautoki kitabuni. Unaupata mwenyewe, kwenye sakafu yako, kwa kujaribu vigari kadhaa ambavyo breki zake ni mpya na zimeshazoeshwa, na kuchukua wastani wao. Ndiyo uzuri wa jaribio hili. Sakafu ya lami ya Nairobi na vitofali vya hoteli ya Zanzibar havishiki tairi sawa, lakini kila banda likiwa na mstari wake, kila kigari kinalinganishwa na wenzake waliopita hapohapo. Kama huna vigari vipya, tumia vile ulivyovifanyia matengenezo kamili, dereva mmoja, bila abiria.

Ushauri wangu ni kwamba uchore mistari mitatu. Wa kwanza ni wa kukanyagia, wa pili ni pale vigari vizuri vinaposimamia, na wa tatu, mwekundu, uwe mita 1.2 mbele ya ule wa pili. Hapo hata dereva asiyejua kusoma futi anajua kigari chake kimepita au kimefeli. Na kabla ya kukipeleka mbio, kijaribu polepole: kanyaga, hakikisha pedali haizami karibu na sakafu, tembea hatua chache ufunge, nasisha breki ya kuegesha, shuka, ukisukume kwa nguvu zako zote. Kikisogea magurudumu yakizunguka, hakuna haja ya jaribio la mwendo, kirudishe kwa fundi. Eneo la majaribio lisiwe na mtu, na hasa lisiwe njia ya wafanyakazi wanaoingia zamu ya asubuhi.

Niguse kidogo mteremko, kwa kuwa pwani yetu ni tambarare lakini viwanja vya bara vina vilima. Nimesema breki ziko nyuma tu. Kigari kinaposhuka kilima na dereva akafunga breki, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na tairi nyepesi inajifunga kwa urahisi. Tairi iliyojifunga haishiki tena upande, kwa hiyo mkia wa kigari unaanza kuteleza kutaka kuupita mbele, na hapo ndipo kinapopinduka au kumwaga abiria. Utafiti wa wahandisi wa Marekani uliochapishwa 2006 uliitaja hatari hiyo waziwazi, kwamba vigari vyenye breki za nyuma pekee vinapoteza uthabiti vikifunga breki kwenye mteremko. Kwa hiyo dereva apunguze mwendo kabla ya mteremko, ashuke akiwa amenyoosha usukani, na asikate kona huku mguu uko juu ya breki. Vigari vipya vyenye mota za kisasa hujipunguza mwendo vyenyewe vikishuka kilima na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Ni msaada mzuri, lakini hauzihurumii laini zilizoisha, na vigari vingi vya zamani havina kitu hicho kabisa.

Kuna wenye vigari wanaowaomba mafundi waviongezee mwendo, kutoka kilomita 24 hadi 32 kwa saa, ili mgeni asichoke njiani. Umbali wa kusimama haupandi pamoja na mwendo hatua kwa hatua, unapanda kwa mraba wake. Kutoka 24 hadi 32 mwendo umeongezeka kwa theluthi, lakini umbali wa kusimama umeongezeka kwa karibu asilimia 78, kwa breki zilezile. Fundi ukiombwa kazi hiyo, kataa. Sina lugha nyepesi zaidi ya hiyo.

Na kwa sisi wa pwani, chumvi na maji. Kigari kinachopita karibu na bahari kebo zake zikaguliwe mara nyingi kuliko cha bara, kwa namna ileile ya mzee: zitoe kwenye mikono, zivute kwa vidole, zirudi zenyewe. Anayeosha vigari kwa pampu ya presha asielekeze maji nyuma ya gurudumu. Na kikishaoshwa, au kikishapita kwenye dimbwi la masika, dereva akanyage breki kidogo kidogo kwa mwendo mdogo mpaka zikauke, ndipo apakie watu.

Nimalizie na wewe bosi, meneja wa hoteli, wa hospitali, wa klabu. Vitabu vya vigari hivi vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa inchi na futi, na vigari vikuukuu vinafika kwetu bila kitabu chochote. Fundi wako hana makosa kwa asichoandikiwa. Mpe karatasi moja ya Kiswahili, yenye umbali wa kusimama wa banda lake na nafasi ya kuandika kila kigari, kila asubuhi, kimesimama wapi, na jina la aliyekipima. Mpe kopo la rangi na nafasi ya kutosha ya sakafu. Na mpe ruhusa, kwa maandishi, ya kukizuia kigari bila kuja kukuuliza. Kigari kilichopita mstari mwekundu mara mbili kisipakie mtu, hata kama wageni wamesimama mapokezi na mabegi yao wanasubiri.